Usalama wa wakimbiaji hauuzwi dukani

Katika miaka ya karibuni, kukimbia kumekoma kuwa shughuli ya wanariadha peke yao humu nchini. Apitaye katika barabara za Nairobi, Nakuru, Kisumu au Eldoret kabla ya jua kuchomoza atawakuta makarani, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wakikimbia, baadhi yao kwa kushauriwa na daktari na wengine kwa kujiandaa kushiriki mbio za hisani. Hilo ni jambo la kutia moyo katika nchi ambayo maradhi ya moyo, kisukari na shinikizo la damu yanazidi kuwaandama watu wa makamo. Lakini pamoja na viatu na fulana, wakimbiaji hao sasa wanauziwa pia vifaa vya kujihami: makopo ya dawa ya pilipili ya kupuliza, ving'ora vidogo vya kuning'iniza kiunoni, tochi zenye kutoa umeme, na pete zenye ncha kali. Muuzaji huahidi kwamba mwenye kubeba kifaa chake atakwenda na kurudi salama.

Swali ninalotaka kulichambua leo ni hili: je, ahadi hiyo ni ya kweli? Naliuliza kwa sababu si swali la anasa. Kwa mwanamke anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa kuwa hana saa nyingine ya kufanya mazoezi, ni swali la uhai. Kwa msichana anayehamia Iten akiwa na mkoba mmoja na matumaini ya kuwa bingwa, ni swali la uhai pia. Jibu langu, ambalo nitajitahidi kulithibitisha, ni kwamba vifaa hivi vina manufaa, lakini manufaa yenyewe ni madogo. Na kwamba hatari kubwa zaidi zinazowakabili wakimbiaji wetu haziwezi kufukuzwa kwa kopo wala kwa filimbi.

Tuanze na vifaa vyenyewe, kwa maana si haki kukidharau chombo kabla ya kukikagua. Dawa ya pilipili hutengenezwa kwa kiini kile kile kinachoifanya pilipili iwashe. Ikimpata mtu machoni humlazimu kuyafumba, na humfanya akohoe na kubanwa pumzi kwa muda. Muda huo unatosha kwa mtu mwenye miguu myepesi kutoroka, na hapana shaka kwamba wapo waliookoka kwa njia hiyo. Lakini makopo madogo ya mfukoni hurusha dawa umbali wa mita chache tu. Maana yake ni kwamba adui sharti awe amekwisha kukaribia, na mkono wa mkimbiaji sharti uwe tayari umeshika kopo. Kopo lililofungiwa ndani ya mfuko wa kiunoni halimfai mtu aliyeshtukizwa. Isitoshe, upepo hauna rafiki. Kule Iten, mji uliokaa ukingoni mwa Bonde la Kerio kwenye kimo cha mita zipatazo 2,400, upepo wa asubuhi unaweza kumrudishia mpulizaji dawa yake mwenyewe usoni, naye wakati huo anahema kwa nguvu na kuivuta yote kifuani. Tena dawa hiyo ina tarehe ya kwisha nguvu, na wengi wanaoinunua hawaitazami tena tarehe hiyo.

Tochi za umeme zina kasoro iliyo kubwa zaidi: hazifanyi kazi ila zimguse mtu. Atakayeitumia ni lazima kwanza asogee karibu na yule anayemkimbia. Pete zenye ncha na visu vidogo vina kasoro iyo hiyo, na juu yake kuna hatari ya silaha kunyang'anywa na kumgeukia mwenyewe. Mtu aliyekwisha kukimbia kilomita kumi na tano amechoka, mikono yake inatetemeka kwa jasho, naye si mpiganaji. Kumpa kisu ni kumpa mshambulizi wake kisu.

Vilivyobaki ni vifaa vya sauti na mwanga, na hivi ndivyo ninavyoviona kuwa vya busara zaidi. King'ora cha mfukoni hutoa mlio wa desibeli 120 au zaidi, yaani mlio wa kuumiza masikio. Filimbi ya kawaida, ile ya mwamuzi wa kandanda, ni ya bei nafuu, haihitaji betri, wala haiozi. Taa ya kichwani humwonyesha mkimbiaji mashimo ya njiani na humwonyesha dereva kwamba kuna mtu mbele yake. Simu nayo inaweza kumjulisha jamaa aliye nyumbani mahali alipo mkimbiaji kila dakika. Lakini tazama jambo moja linalovifunga vyote hivi pamoja: kila kimoja kinahitaji mtu wa pili. Mlio hauna maana pasipo sikio la kuusikia, na sikio halina maana pasipo miguu ya kuja.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili vizuri. Katika jamii nyingi za nchi hii, nduru ilipopigwa usiku, haikuwa hiari kwa jirani kutoka, ilikuwa wajibu. Aliyelala ndani huku mwenzake akilia nje aliulizwa kesho yake. Nduru ndiyo iliyokuwa king'ora cha kwanza, na nguvu yake haikuwa katika koo la mpiga nduru bali katika ahadi ya wasikiaji. Leo tumenunua king'ora kikali kuliko koo la binadamu, lakini ahadi ile tumeiacha. Katika mitaa yetu yenye kuta ndefu na vipande vya chupa juu yake, ving'ora vya magari na vya maduka hulia usiku kucha na hakuna anayefungua dirisha. Kifaa hakiwezi kurudisha kile ambacho ujirani umekipoteza.

Ni vyema pia tuitazame sheria, kwa kuwa wanunuzi wengi huisahau. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba matumizi ya nguvu katika kujikinga au kukinga mali yatapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kwa lugha nyepesi, mtu ana haki ya kujitetea, na mahakama haimtarajii aliyevamiwa apime kila pigo lake kwa mizani ya sonara. Lakini nguvu atakayoitumia iwe ya kadiri inayolingana na hatari iliyomkabili. Anayemchoma kisu mwizi aliyekwisha kutupa simu na kushika njia yake hajitetei tena. Aidha, sheria iyo hiyo inamtia hatiani mtu atakayepatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda uhalifu. Mwenye rungu au kisu saa kumi za usiku atakuwa na maelezo marefu ya kumpa afisa wa polisi.

Kwa wanariadha wetu wanaosafiri, jambo hili lina uzito zaidi. Dawa ya pilipili huuzwa waziwazi katika majimbo ya Marekani, ijapokuwa kila jimbo lina masharti yake. Lakini nchini Uingereza, Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 inaihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku, pamoja na vile vifaa vya kutoa umeme. Mwanariadha aliyezoea kukimbia na kopo lake kule Marekani anaweza kushuka London na kujikuta kizuizini kabla hajauona mstari wa kuanzia. Wala kopo hilo haliruhusiwi katika mizigo ya kuingia nayo ndani ya ndege. Ni bora makocha na mawakala wawaonye mapema.

Sasa tuzigeukie hatari zenyewe. Mimi naziona kuwa nne: gari, mbwa, mgeni, na mwenyeji. Wauzaji wa vifaa wanaizungumzia ya tatu peke yake.

Gari ndilo adui wa kila siku. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama zimeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba zaidi ya watu 4,000 hufariki barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni la waendao kwa miguu. Mkimbiaji ni mwenda kwa miguu mwenye haraka. Barabara nyingi zinazotoka mijini hazina njia ya kando. Mahali ilipopaswa kuwa pamechukuliwa na vibanda, mitaro iliyo wazi na bodaboda. Katika hali hiyo, fulana yenye utepe wa kumeremeta itamwokoa mtu mara nyingi kuliko kopo la pilipili. Na kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mkimbiaji na akimbie kulia, akiyaelekea magari, apate kuliona lori kabla lori halijamfikia. Anayeziba masikio yote mawili kwa vidude vya kusikilizia muziki amejinyima mlinzi ambaye Mwenyezi Mungu alimpa bure.

Mbwa nao si wa kupuuzwa, hasa katika vijiji na katika vitongoji ambako hufunguliwa usiku na kusahauliwa asubuhi. Asili ya mbwa ni kufukuza kinachokimbia. Mkimbiaji na asimame, asimpe mgongo, asimkodolee macho, arudi nyuma polepole. Na fimbo nyepesi mkononi inatosha kumweka mbali. Ikitokea akang'atwa, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, ni nadra sana mtu kupona. Elimu hii haigharimu hata senti moja, lakini ni wangapi wanaoijua?

Hatari ya tatu ni mgeni, yaani mtu asiyejulikana anayevizia njiani. Hatari hiyo ipo, na sitaki nifahamike kwamba naikanusha. Tarehe 12 Januari mwaka 2022, mwalimu mwenye umri wa miaka 23, Ashling Murphy, aliuawa alipokuwa akikimbia kando ya mfereji karibu na mji wa Tullamore nchini Ireland. Haikuwa usiku, wala haikuwa mahali pa uchochoro. Ilikuwa alasiri, katika njia ipitwayo na watu. Maelfu ya watu walikusanyika wakiwa na mishumaa, na wengi walisisitiza kwamba alikuwa amekwenda kukimbia tu, basi. Hawakutaka kuulizwa alibeba nini. Walitaka waulizwe wanaume. Hapa kwetu, mwanariadha wa Uganda Benjamin Kiplagat, mkimbiaji wa mbio za kuruka viunzi na maji, alipatikana ameuawa kwa kudungwa kisu ndani ya gari mjini Eldoret mkesha wa mwaka 2024, na wanaume wawili walipatikana na hatia ya mauaji hayo. Mwanamume mkakamavu, mwenye kasi ambayo wachache duniani wanayo, hakuokolewa na kasi hiyo.

Kuna upande mwingine wa hatari hii ambao watu hawausemi. Wakati mwingine mkimbiaji ndiye anayeogopwa. Mwanamume anayekimbia gizani katika miji yetu anaweza kudhaniwa mwizi, na neno "mwizi" likishatamkwa kwa sauti, umati haungoji ushahidi. Nchini Marekani, tarehe 23 Februari mwaka 2020, kijana mweusi aitwaye Ahmaud Arbery alikuwa akikimbia katika mtaa mmoja wa jimbo la Georgia. Wanaume watatu weupe walimwandama kwa magari, wakidai kwamba walimshuku kuwa mwizi, na mmoja wao akampiga risasi akafa. Wote watatu walipatikana na hatia ya mauaji mwezi Novemba mwaka 2021. Wauaji wake nao walidai kwamba walikuwa wakijihami. Basi tuwe waangalifu tunaposifu silaha za kujihami. Hofu ya mtu mwenye silaha imekwisha kuwaua watu wengi wasiokuwa na hatia. Mkimbiaji wa usiku na avae nguo nyangavu, na umma nao ujifunze kuuliza kabla ya kurusha jiwe.

Nafika kwenye hatari ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 12 Septemba mwaka 2021, Agnes Tirop alikimbia kilomita kumi mjini Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde moja, akaivunja rekodi ya dunia ya mbio za barabarani za wanawake peke yao. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, na alikuwa amepata nishani ya shaba mara mbili katika mbio za mita 10,000 za mashindano ya dunia. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo, akakana mashtaka. Agnes alizikwa tarehe 23 Oktoba, siku ambayo angetimiza umri wa miaka 26.

Mwezi Aprili mwaka 2022, mji ule ule wa Iten ulipata msiba mwingine: Damaris Muthee Mutua, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Bahrain, alipatikana amekufa katika nyumba. Kisha, tarehe 1 Septemba mwaka 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, ambaye wiki tatu tu zilizotangulia alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuishi naye, nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia. Alikuwa akitoka kanisani na watoto wake. Alifariki siku nne baadaye katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Familia yake ilisema kwamba kulikuwa na ugomvi juu ya kipande cha ardhi ambapo alikuwa amejenga nyumba, na kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimekwisha kuarifiwa.

Naomba msomaji ayatazame mauaji haya kwa utulivu. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake hawa watatu aliyeuawa akiwa mazoezini. Msitu haukuwaua, wala giza la alfajiri, wala mpita njia. Walikuwa wamekwisha kuvua viatu vya kukimbilia. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au jamaa zao katika mwaka 2023, hiyo ikiwa ni asilimia 60 ya wanawake wote waliouawa kwa kusudi. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipotimiza miaka 15. Je, kuna kifaa gani cha kuning'iniza kiunoni ambacho mwanamke atalala nacho kitandani?

Chanzo cha maafa haya katika riadha si fumbo. Ni fedha, na ni kutolingana kwa mamlaka. Msichana mwenye kipawa hutoka katika familia maskini, huacha masomo mapema, na hukutana na mwanamume anayejitokeza kuwa kocha, msimamizi, mlinzi na hatimaye mume. Mwanamume huyo ndiye anayeshika simu yake, pasipoti yake na kitabu chake cha benki. Anaposhinda mbio huko ng'ambo, zawadi inanunua shamba, nalo shamba linaandikwa kwa jina la bwana. Siku atakayouliza mali yake iko wapi ndiyo siku ya hatari kuanza. Simaanishi kwamba kila mume wa mwanariadha ni mnyonyaji. Wapo wanaume wengi waliowatunza wake zao, wakawapikia na kuwalelea watoto ili wao wakimbie, na hao wanastahili heshima. Nasema kwamba mfumo ulioachiwa bahati huwaletea wengine mume na wengine muuaji.

Baada ya kifo cha Agnes Tirop, wanariadha wenzake, akiwamo Viola Cheptoo aliyemaliza wa pili katika marathoni ya New York mwezi uliofuata, waliunda shirika liitwalo Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake walio katika hali kama hiyo. Shirikisho la Riadha nchini nalo lilisimamisha mashindano kwa wiki mbili. Kusimamisha mashindano ni heshima kwa marehemu, lakini hakumlindi aliye hai. Kazi ile ya wenzake ndiyo iliyo karibu zaidi na dawa ya kweli, kwa maana inarudisha kile nilichokitaja hapo awali: mtu wa pili, anayesikia nduru na kuja.

Wako watakaosema kwamba nazidharau juhudi za mwanamke anayejitahidi kujilinda kwa kile alicho nacho. La, hasha. Mwenye filimbi na aibebe; mwenye king'ora na akifunge mkononi, si mkobani; na anayeweza kujifunza mbinu za kujinasua mikononi mwa mtu na ajifunze. Kinga ni bora kuliko tiba. Ninachokataa ni mawazo yanayokuja nyuma ya bidhaa hizi: kwamba aliyevamiwa bila kopo alijitakia. Mawazo hayo yanahamisha mzigo kutoka kwa serikali, kwa polisi na kwa wanaume wenzangu, na kuuweka juu ya mabega ya mwanamke. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili wa namna yoyote, uwe umetoka kwa umma au kwa mtu binafsi. Haikusema kwamba haki hiyo ni ya wenye uwezo wa kununua vifaa.

Kwamba jambo hili linawezekana, tunao mfano hapa Nairobi. Kuna wakati ambapo Msitu wa Karura ulitajwa kwa hofu. Ulikuwa maficho ya wanyang'anyi, na mwezi Januari mwaka 1999 hayati Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda mti ili kuutetea usinyakuliwe. Tangu mwaka 2009, shirika la wananchi la Marafiki wa Karura lilishirikiana na Idara ya Huduma za Misitu kuujengea ua wa umeme, kuwaajiri walinzi wa kuuzunguka, kufungua malango na kuzitia alama njia zake. Watu wakaanza kuingia; walipoingia wengi, wahalifu wakakosa mahali pa kujificha; na kadiri palivyokuwa salama ndivyo wengi zaidi walivyokuja. Mwanamke aliweza kukimbia peke yake mahali ambapo hapo awali hata kundi la wanaume lisingethubutu kupita. Si silaha mkononi mwa mkimbiaji iliyoleta mabadiliko hayo. Ni ua, walinzi, na wingi wa watu wema.

Kutokana na hayo, mapendekezo yangu ni machache na yako wazi. Serikali za kaunti, hasa Elgeyo Marakwet, Uasin Gishu na Nandi, ambazo jina lao limebebwa na miguu ya wanariadha kote duniani, zitenge njia za mazoezi zilizo mbali na magari na ziziwekee doria katika saa za alfajiri zinazojulikana na kila mtu. Kila barabara mpya mijini ijengwe na njia ya waendao kwa miguu, yenye taa, na njia hiyo isigeuzwe kuwa soko. Shirikisho la Riadha lisimsajili kocha wala msimamizi bila kumchunguza, na lihakikishe kwamba zawadi ya mwanariadha inaingia katika akaunti yake mwenyewe. Kambi za mazoezi ziwafundishe wasichana kusoma mkataba na hati ya shamba kwa bidii ile ile wanayotumia kuwafundisha kupanda mlima.

Polisi nao watambue kwamba Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 si pambo. Sheria hiyo haimlindi mke wa ndoa peke yake, bali pia mchumba na hata yule aliyekwisha kuachana na mwenzake. Inautambua unyonyaji wa mali kuwa ni ukatili. Na inaiwezesha mahakama kumwamuru mtishaji akae mbali. Afisa anayemwambia mlalamishi arudi nyumbani wakapatane na mwenzake anapaswa kuulizwa siku mlalamishi huyo atakapoletwa kwa machela. Na kila mwanariadha, mwanamke kwa mwanamume, aijue nambari ya simu 1195, ambayo hupigwa bila malipo kuripoti ukatili wa kijinsia.

Kwa wale wanaokimbia kwa ajili ya afya, ushauri wangu ni mwepesi zaidi: tafuteni wenzenu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Makundi ya wakimbiaji yaliyochipuka mijini yana thamani kuliko duka zima la vifaa, kwa sababu katika kundi kila mmoja ni filimbi ya mwenzake. Tena kundi linajua nani hakufika leo, nani ameanza kuja akiwa na alama usoni, nani amenyamaza ghafla. Mara nyingi maswali ya namna hiyo, yakiulizwa kwa upole na mapema, ndiyo yanayookoa maisha.

Nchi hii hushangilia kwa machozi wimbo wa taifa unapopigwa katika viwanja vya ng'ambo kwa ajili ya msichana wa Iten au wa Kapsabet. Ni deni hilo. Msichana huyo anapovuka mstari wa mwisho, sisi sote husema kwamba ni wetu. Basi na awe wetu pia anapofunga mlango wa nyumba yake jioni, na anapoufungua alfajiri kwenda kukimbia.